Magnolia: niupande Mikindani au Naliendele?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwaka jana mwezi wa tano nilikwenda Atlanta, Marekani, kumuuguza kaka yangu. Mbele ya nyumba yake kuna mti mkubwa wa magnolia, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, maua meupe makubwa kama sahani, na harufu yake inaingia mpaka chumbani. Nimeutamani tangu siku ile. Nina sehemu mbili za kuupanda: nyumba aliyotuachia mama Mikindani, karibu kabisa na bahari, na kiwanja cha mita 20 kwa 30 njia ya Naliendele, ambako mimi na mume wangu tunamalizia kupaua. Kaka anasema atanitumia mbegu. Je, mti huu utaishi kwetu Mtwara? Niupande wapi? Na nitasubiri miaka mingapi kuona ua?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nikujibu kwa ufupi kwanza ili usikae roho juu. Mikindani, hapana. Naliendele, ndiyo, ila uwe tayari kuubebea mti maji kila kiangazi kwa miaka mitatu. Mbegu za kaka, mwambie aziache. Na kabla hujaamua, yupo ndugu wa mti huo ambaye naamini atakupenda zaidi kuliko huyo uliyemwona. Nitamfikia.

Kwa maelezo yako ya majani na ukubwa wa ua, mti wa kaka yako ni Magnolia grandiflora. Kwao ni kusini mashariki mwa Marekani, kuanzia North Carolina kushuka Florida na kuzunguka hadi Texas, na majimbo ya Mississippi na Louisiana yamelichukua ua lake kuwa ua la jimbo. Ukiachwa ukue unapita mita 20 kwenda juu, na matawi yake yanatanda mita 10 hadi 15. Ua moja linaweza kufika sentimita 20 hata 30. Hukukosea kulifananisha na sahani.

Wengi wanaoniuliza habari za mti huu wanahofia joto letu. Joto la Mtwara halitauua. Miti hii inastahimili majira ya joto ya Florida, na hayo si mchezo. Kitu itakachokosa kwetu ni miezi ya baridi ya kupumzika, kwa hiyo usitarajie ule wingi wa maua yanayofunguka kwa pamoja kama ulivyoona kwa kaka. Yatakuja machache machache. Lakini mti utaishi. Adui zake hapa ni wawili, kiangazi na chokaa, na ushauri wangu wote unatoka hapo.

Tuanze na kiangazi. Atlanta hupata mvua ya milimita 1,200 hivi kwa mwaka. Mtwara hupata karibu 1,100. Ukitazama hesabu hizo peke yake utasema ni mtu na jirani yake. Lakini ya kwao imegawanywa miezi yote kumi na miwili, na yetu inaanza mwisho wa Novemba au Desemba, inaisha Aprili au Mei mwanzoni, halafu mbingu zinafungwa. Juni na Julai kusi linakausha, na ikifika Septemba mchanga wa juu umekuwa kama unga. Mkorosho haujali, kwa sababu unapeleka mizizi mbali chini na kando ukatafute maji. Magnolia haina tabia hiyo. Mizizi yake ni minene na laini, mfano wa kamba, na mingi inatambaa karibu na uso wa ardhi, palepale panapokauka kwanza. Na mzizi wake ukikatika hauponi upesi. Ndiyo maana mti huu ukishaupanda huuhamishi, wala hulimi chini yake, hata kwa kijembe kidogo cha kupandia mchicha.

Sasa chokaa, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana Mikindani ndiko moyo wako ulikoegemea. Mtu anataka mti wa kumbukumbu kwenye nyumba ya mama yake, naelewa. Lakini Mikindani umekaa juu ya matumbawe. Chimba futi moja au mbili utagonga mwamba mweupe ule ule ambao wazee walijengea nyumba zao na kuuchoma kupata chokaa. Magnolia inataka udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa madini ya chuma yanajifunga, yamo ardhini lakini mti hauwezi kuyanywa. Utaona majani mapya yanatoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na kila toleo linakuwa dogo kuliko lililotangulia.

Hayo sikusomea tu. Miaka ya nyuma nilipanda magnolia hapa Lindi, mita mia mbili hivi kutoka pwani. Nilichonga shimo kubwa kwenye mwamba, nikalijaza udongo mzuri kutoka bondeni pamoja na mboji, nikajua nimeushinda mwamba. Mwaka wa kwanza uliota vizuri. Wa pili ukaanza manjano. Septemba ya mwaka wa tatu ulikufa, na nilipoung'oa nikakuta mizizi imezunguka ndani ya lile shimo kama iliyofungwa ndani ya chungu, haikupata hata ufa mmoja wa kutokea. Mti ule nilikuwa nimemwahidi mke wangu. Iliniuma sana, na tangu hapo sipandi mti wa uchachu juu ya matumbawe, hata nikiombwa na nani.

Kuna kipimo cha jikoni. Chukua kijiko cha udongo mkavu, ukimiminie siki. Ukichemka na kutoa mapovu, una chokaa. Fanya hivyo Mikindani, kisha ufanye Naliendele, na uchukue udongo wa futi moja chini, usichukue wa juu tu. Udongo wa kichanga wa upande wa Naliendele nategemea utakaa kimya.

Najua kuna atakayekwambia, "Weka salfa, si tunayo tele?" Ni kweli salfa inachachusha udongo. Watafiti wa kituo cha kilimo cha pale Naliendele na wenzao waliona kwamba salfa tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, mwaka baada ya mwaka, imeongeza uchachu wa ardhi chini ya mikorosho hiyo. Kwa mkorosho na mazao mengine hilo ni jambo la kuangalia, kwa magnolia ni neema. Kwa hiyo kama kiwanja chenu kilikatwa kutoka shamba la zamani la mikorosho, msilete udongo kutoka kwingine. Lakini salfa haiwezi kuushinda mwamba wa matumbawe. Utachachusha kiganja, na chini yake pana chokaa kina na upana wa pwani nzima. Mikindani pia kuna upepo wa chumvi, na visima vingi vya karibu na bahari maji yake ukiyaonja unayatema. Mti wa kumbukumbu ya mama unaweza kuwa mwingine, wenye asili ya pwani. Mkungu utakupa kivuli na hautakuumiza moyo.

Basi Naliendele. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina nafasi ya magnolia moja. Usiseme utapanda mbili za kupendezesha geti. Upime mita 8 kutoka ukutani, na usipungue hizo kutoka kwenye karo la maji machafu na bomba la maji, na uangalie juu kusipite nyaya za umeme. Najua mche ukiwa kwenye kiriba, urefu wa goti, mita 8 zinaonekana kama dhihaka. Lakini wazee wa Lindi walitusimulia tufani ya Aprili 1952, jinsi miti ilivyolala juu ya mapaa. Tufani za namna ile ni nadra kwetu, ila mti huu unapandwa kwa ajili ya wajukuu, na katika miaka ya wajukuu hilo nadra linaweza kutokea. Ukiweza uwe upande ambao nyumba yenyewe inaukinga na kusi. Mche mchanga unateseka kwa upepo mkavu kuliko kwa jua.

Panda mvua zikishakolea, Desemba au Januari. Ukipanda Aprili mti haujashika na kiangazi kimeshafika. Shimo liwe pana mara tatu ya kiriba, lakini kina kisizidi urefu wa kiriba chenyewe. Ukichimba sana udongo utatitia na shingo ya mche itazama, na magnolia iliyozikwa shingo inaoza taratibu. Samadi mbichi usiweke shimoni. Mboji iliyoiva itandaze juu, mvua itaishusha.

Halafu maji. Kiangazi cha kwanza, ndoo mbili za lita 20 kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi tuseme, zimwagwe polepole ndani ya kisahani ulichokizungushia mche. Ndoo moja iliyozama inafaa kuliko kikombe cha kila jioni, kwa sababu kikombe kinaiita mizizi juu. Kiangazi cha pili ongeza kiasi na upanue kisahani, maana mizizi imeshatoka nje ya pale. Cha tatu, angalia mti wenyewe: majani mapya yakilegea asubuhi na mapema, una kiu. Yakilegea saa nane mchana tu, usiwe na wasiwasi. Baada ya hapo miaka ya kawaida utajimudu, lakini mwaka ambao mvua zimekatika mapema uukumbuke. Kivuli cha makuti upande wa magharibi kinatosha kuuvusha kiangazi cha kwanza.

Na matandazo. Majani makavu ya mkorosho ni mazuri sana. Makumbi ya nazi pia, ila uliza yametoka wapi: makumbi yaliyolowekwa baharini ili kusokota kamba yamejaa chumvi, hayo usiyakaribishe kabisa. Tandaza unene wa kiganja, uyaache mbali na shina kwa shubiri moja, na kila wiki uinue kidogo kukagua mchwa. Mchwa wetu wa kiangazi huanza na majani makavu, kisha hupanda kwenye gome la mche uliodhoofika.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo miti mingi ya maua inapofia majumbani kwetu, na ugonjwa wala mdudu hana kosa. Sisi tunafagia. Mwanamke mwenye nyumba yake, kabla chai haijachemka, uwanja umeshafagiwa mpaka mistari ya fagio inaonekana mchangani. Ni desturi nzuri na ni heshima ya nyumba. Sasa, magnolia haipukutishi majani mara moja kwa msimu ikamaliza. Inaangusha kidogo kidogo mwaka mzima, majani magumu kama ngozi, yanayochukua miezi kuoza. Ukiyafagia kila siku utakuwa umeondoa chakula cha mti, na utakuwa umekwangua udongo juu ya mizizi ile laini mpaka ichomoze nje. Nimeona miembe ikivumilia hayo. Magnolia haivumilii.

Kwa hiyo mkubaliane wewe na mumeo, na yeyote anayekusaidia kazi, tangu siku ya kupanda: zungusheni mawe duara la mita tatu, na ndani ya mawe fagio haliingii. Majani yanayoanguka nje ya duara yafagiwe yarudishwe ndani. Mti ukikua, duara nalo likue. Nyasi usijisumbue kuzipanda chini yake, kivuli ni kizito mno.

Najua utakaloniambia: nyoka. Na jirani atakuongezea kwamba miti yenye harufu kali inaita nyoka. Harufu haimwiti nyoka. Anayemwita ni panya, chura na rundo lililokaa bila kuguswa. Matandazo yaliyotandazwa bapa, unayoyakagua kila wiki, si maficho. Kwa tahadhari zaidi, mti ukifika kimo chako ondoa matawi ya chini hadi usawa wa goti, mwanga uingie. Marekani wengi huyaacha matawi hayo yaguse ardhi ili yafiche majani yaliyoanguka, na kweli yanapendeza. Kwenye nyumba yenye watoto Mtwara mimi ningeyaondoa.

Kuhusu mbegu. Mbegu za magnolia hizi ni nyekundu, zinaning'inia kwa uzi mwembamba kutoka kwenye tunda. Zikikauka sana zinakufa, na zisipopitishwa kwenye unyevu wa ubaridi, kama wa friji, kwa miezi mitatu hivi, nyingi haziamki. Ikiamka, mti wa mbegu unaweza kukuweka miaka kumi, kumi na tano, hata zaidi kabla ya ua la kwanza. Tena mbegu hairudishi mti wa mama kama ulivyo. Na kuingiza mbegu nchini kunataka kibali na cheti cha afya ya mimea, jambo linalosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Sheria hiyo inatulinda sisi wenyewe. Mdudu mmoja au ukungu mmoja mgeni katika mkoa unaoishi kwa korosho si jambo la kubeba kwenye mkoba.

Tafuta mche uliobebeshwa, kama inavyobebeshwa mikorosho siku hizi, au uliooteshwa kwa tawi. Huo huweza kuchanua ndani ya miaka miwili hadi mitano. Ipo aina iitwayo Little Gem, ambayo hukomea karibu mita 6 hadi 8 na huanza maua ikiwa changa. Kwa kiwanja chenu hiyo ndiyo ningeichagua. Ulizia kwenye vitalu vya Dar es Salaam au Arusha.

Sasa yule ndugu. Jina la magnolia lilitokana na Pierre Magnol, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, Ufaransa, na aliyelitoa ni Charles Plumier, mwaka 1703. Mti aliouita hivyo haukuwa wa nchi ya baridi. Aliukuta Martinique, kisiwa cha joto katika bahari ya Karibi. Nakusimulia hili kwa sababu picha za mitandaoni zimetufanya tudhani magnolia ni mali ya wenye theluji. Ukoo huu una aina zaidi ya 200, na nyingi ni za misitu ya joto ya Asia na Amerika. Afrika haikujaliwa hata moja ya asili, lakini binamu zake tunao uani. Mstafeli, mtopetope, mlangilangi, mkilua, hata mkungumanga, wote ni wa kundi moja kubwa na magnolia. Lichukue ua la mstafeli uone lilivyo nene na gumu. La magnolia ni hivyo hivyo, na sababu ni ile ile: maua haya yanategemea mbawakawa wadogo wanaotambaa ndani na kutafuna, kuliko nyuki. Lile stafeli lililopinda upande mmoja mara nyingi ni ua ambalo mbawakawa hawakulifikia vizuri.

Magnolia ninayokushauri ni champaka, Magnolia champaca, mti wa India na Asia ya kusini mashariki. Maua yake si ya sahani. Ni madogo, marefu kama kidole, ya manjano hadi rangi ya chungwa. Lakini harufu, mwanangu! Wahindi wanayatunga mashada na wanayakamua manukato. Chini ya mti mmoja mkubwa jioni ya mvua, mtaa mzima unajua. Ukiyachanganya na asumini na rehani kwenye kikuba, hutatamani tena la Atlanta. Mti wenyewe umezoea usiku wa joto, na katika nchi za joto zenye unyevu huchanua mara nyingi kwa mwaka. Majani yake ni membamba zaidi na yanaoza mapema, kwa hiyo hata vita vya fagio vinapungua. Nao unataka maji ya kiangazi na unachukia chokaa, usije ukaupeleka Mikindani kwa mlango wa nyuma. Na unakua mkubwa, zile mita 8 ziko palepale. Ipo pia champaka nyeupe, ambayo ni chotara na karibu haizai mbegu, hivyo mche wake wa kweli lazima uwe umebebeshwa au umetolewa kwa tawi. Hiyo huchanua mapema sana.

Ningekuwa mimi, ningepanda champaka. Lakini mti ni wako na ndoo ni zako. Ukichagua wa kaka kwa ajili ya kumbukumbu ya safari ile, sitakulaumu.

Lolote utakalochagua, uangalie mambo matatu kitaluni kabla ya kulipa. Pitisha kidole kwenye kijiti: kila jani lilipotokea pawe na alama kama pete inayozunguka kijiti chote. Miti ya magnolia yote ina pete hiyo, mlangilangi hauna, na wapo wanaouza mmoja kwa jina la mwingine. Pili, kama unanunua grandiflora, geuza jani. Chini yake mara nyingi pana rangi ya kahawia na vinyweleo laini kama mahameli. Tatu, omba kiriba kichanwe kidogo pembeni. Mizizi ikiwa imeshaanza kuzunguka, huo uache hata wakikupunguzia bei. Una muda hadi Desemba. Fanya kipimo cha siki wiki hii, viwanja vyote viwili, na uniandikie ulichoona.